Mbachao na Nguo ya Kuazima: Thamani ya Wachezaji wa Pembezoni katika Ujenzi wa Vikosi vya Soka Mkoani Singida, 2017–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya wachezaji wa gharama nafuu, ambao hawakuwa chaguo la kwanza katika klabu walizotoka, katika historia ya karibuni ya soka la mkoa wa Singida. Inafuatilia vipindi viwili: kupanda na kuanguka kwa Singida United kati ya 2017 na 2020, na kuwasili kwa klabu zilizohamia mkoani humo kuanzia 2022, yaani Singida Big Stars, iliyobadilishwa jina kuwa Singida Fountain Gate, na Singida Black Stars. Hoja kuu ni kwamba wachezaji wa aina hiyo waliiwezesha Singida kufika mahali ambapo ukubwa wa soko lake usingeifikisha, lakini thamani waliyozalisha haikubaki mkoani kwa kadiri iliyotarajiwa. Insha inabainisha kwamba bei ndogo ya usajili na thamani ya mchezaji ni mambo mawili tofauti. Kinachoyaunganisha ni mkataba, muda na uwezo wa klabu kuendelea kuwapo.

1.0 Utangulizi

Historia ya soka la Tanzania Bara imeandikwa kwa kiasi kikubwa kuwa historia ya Dar es Salaam. Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba iliyoanzishwa 1936 zimegawana sehemu kubwa ya mataji ya Ligi Kuu, na Azam iliyopanda daraja 2008 ilijiunga nazo kwa nguvu ya mtaji wa kiwanda. Klabu za mikoani zimeonekana katika simulizi hiyo kwa namna mbili: ama kuwa vitalu vya kulea vipaji vinavyovunwa na wakubwa, ama kuwa wageni wa msimu mmoja au miwili wanaopanda na kushuka. Ni nadra kwa klabu hizo kuchunguzwa kwa kuangalia jinsi zilivyounda vikosi vyao: nani alisajiliwa, alitoka wapi, kwa nini alipatikana, na alipoondoka aliacha nini.

Singida ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huo. Ndani ya miaka minane mkoa huu wa katikati ya nchi, wenye watu takriban milioni 2 kwa mujibu wa sensa ya 2022, ulishuhudia klabu yake ya asili ikifika fainali ya kombe la shirikisho na kisha kushuka daraja, halafu ukapokea klabu mbili zilizozaliwa kwingine. Katika vipindi vyote hivyo mbinu ya kujenga kikosi ilifanana. Walitafutwa watu ambao klabu kubwa hazikuwahitaji tena, au hazikuwa zimewahitaji bado.

Waswahili wana methali mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Ya kwanza huonya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Ya pili hukumbusha: cha kuazima hakisitiri maungo. Methali ya kwanza inatetea thamani ya kilichochakaa machoni pa wengine. Ya pili inatilia shaka usalama wa anayejifunika kwa kisicho chake. Historia ya Singida inathibitisha zote mbili, na kazi ya insha hii ni kueleza ni lini ilithibitisha ipi.

2.0 Dhana ya mchezaji wa pembezoni

Katika lugha ya mashabiki, mchezaji anayezungumziwa hapa ana majina mengi: anayesugua benchi, aliyetemwa, aliyepelekwa kwa mkopo, mchezaji huru. Majina hayo yanaficha tofauti ambazo kwa uchambuzi ni muhimu. Insha hii inatumia istilahi ya mchezaji wa pembezoni kwa maana ya mchezaji ambaye uwezo wake unazidi nafasi anayopewa, na ambaye kwa sababu hiyo anapatikana kwa gharama iliyo chini ya ile ambayo uwezo huo ungedai. Yapo makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wakongwe walioachwa. Hawa wamecheza klabu kubwa, wamezoea mechi za presha, lakini umri au ujio wa wapya umewatoa katika mipango. Kundi la pili ni la vijana waliokwama. Wapo katika orodha ya klabu kubwa lakini hawapati dakika za kutosha, hivyo hutolewa kwa mkopo ili wasidumae. Kundi la tatu ni la wageni wanaotoka katika ligi ambazo wasaka vipaji wa klabu tajiri hawazitazami kwa makini, au waliopoteza mwelekeo baada ya kuhama vibaya.

Unafuu wa makundi haya una chanzo katika utaratibu wa soko lenyewe. Tangu hukumu ya Bosman iliyotolewa barani Ulaya 1995, na kanuni za kimataifa zilizoufuata mkondo huo, mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu yake kulipwa. Nchini Tanzania, ambako mikataba ya miaka miwili ni ya kawaida, matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya usajili ni wa wachezaji huru. Dau la usajili huenda mkononi mwa mchezaji, na klabu inayoachwa hubaki na shukrani. Klabu ndogo hunufaika inapopokea, kwa kuwa haihitaji kununua. Klabu hiyohiyo huumia inapopokonywa, kwa kuwa haina cha kuuza.

Mbinu ya kujenga kikosi kwa watu wa pembezoni si ya Singida peke yake. Mfano unaotajwa mara nyingi duniani ni wa Nottingham Forest ya Uingereza chini ya Brian Clough na Peter Taylor. Timu hiyo ilipanda daraja 1977, ikawa bingwa wa nchi 1978, na ikatwaa Kombe la Ulaya 1979 na 1980, ikiwa na wachezaji kama Kenny Burns na Larry Lloyd ambao kwingine walionekana wasumbufu au waliopitwa na wakati. Funzo la Forest kwa Singida, hata hivyo, si kwamba watu wa bei nafuu hushinda. Clough na Taylor walidumu na wachezaji wao kwa misimu kadhaa, na kikosi kilichozoeana kiliwafikisha mbali kuliko majina yake. Sharti hilo la muda ndilo litakalorudi mara kwa mara katika simulizi ya Singida.

3.0 Usuli: mkoa unaopeleka na kupokea

Singida ulitangazwa kuwa mkoa 1963. Uchumi wake umetegemea alizeti, vitunguu, asali, mifugo, na kuku wa kienyeji ambao husafirishwa kwa wingi hadi masoko ya Dodoma na Dar es Salaam. Ni uchumi wa kupeleka: kinachozalishwa huongezewa thamani mbali na kilipotoka. Soka la mkoa lilifuata mkondo huohuo kwa miaka mingi, kwa kuwa kijana mwenye kipaji alilazimika kuondoka ili aonekane.

Hata mtaji ulisafiri. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida na mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, ndiye aliyeshinda zabuni ya uwekezaji katika klabu ya Simba Desemba 2017. Mwezi huo Singida United ilikuwa katikati ya msimu wake wa kwanza Ligi Kuu baada ya kukaa nje kwa zaidi ya muongo mmoja. Jambo hili halitajwi hapa kwa lawama. Mwekezaji huenda kwenye soko kubwa, na soko kubwa lilikuwa Kariakoo. Linatajwa kwa sababu linaonyesha masharti ambayo klabu ya mkoa ilipaswa kuyakabili: isingeweza kushindana kwa fedha hata na fedha zilizotoka kwao.

Uwanja nao una historia yake. Namfua, uliobadilishwa jina baadaye kuwa Liti kwa heshima ya mwanamke anayekumbukwa katika masimulizi ya Wanyaturu kwa kuwapinga Wajerumani, haukuwa tayari msimu wa 2017/18 ulipoanza, na timu ililazimika kutumia Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma. Yanga ilipokwenda Namfua Novemba 2017 na mchezo kumalizika bila bao, kwa wakazi wengi wa mji huo ilikuwa mara ya kwanza kwa kizazi chao kuitazama Ligi Kuu bila kupanda basi.

4.0 Kipindi cha kwanza: Singida United, 2017–2020

4.1 Kikosi kilichokusanywa

Klabu tatu zilipanda Ligi Kuu 2017: Singida United, Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Ulinganisho wa klabu hizo ni jaribio la kihistoria lililojitokeza lenyewe. Njombe Mji ilishuka baada ya msimu mmoja. Lipuli ilibaki. Singida United ilimaliza katika nafasi ya tano, nyuma ya Simba, Azam, Yanga na Tanzania Prisons. Tofauti hiyo haikuletwa na ukubwa wa mji wala wingi wa mashabiki. Ililetwa na udhamini uliopatikana mapema, ukiwemo wa kampuni ya SportPesa, na zaidi na namna udhamini huo ulivyotumika.

Uamuzi wa kwanza ulihusu benchi la ufundi. Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyeipa Yanga ubingwa wa 2014/15 na 2015/16, alikuwa ameondolewa katika ukocha mkuu wa klabu hiyo mwishoni mwa 2016. Singida United ilimchukua. Kwa hiyo hata kocha alikuwa mtu wa pembezoni kwa maana iliyofafanuliwa hapo juu: uwezo wake ulijulikana na nafasi yake ilikuwa imefungwa. Uamuzi huo ulirahisisha mengine yote, kwa kuwa mchezaji aliyeachwa Dar es Salaam hukubali kwa urahisi zaidi kwenda mahali ambapo kocha anamfahamu.

Kutoka kundi la waliokosa nafasi katika klabu kubwa walikuja winga Deus Kaseke, aliyetoka Yanga, na kipa Peter Manyika, aliyetoka Simba. Kutoka kundi la vijana waliokwama alikuja kiungo Mudathir Yahya, kwa mkopo wa Azam. Kutoka kundi la wageni walikuja Wazimbabwe Tafadzwa Kutinyu na Elisha Muroiwa, Mganda Shafik Batambuze na Mnyarwanda Danny Usengimana. Kanuni za wakati huo ziliruhusu wageni 7 kwa kila klabu. Klabu kubwa zilitumia nafasi hizo kwa majina yaliyokwisha kung'ara, ilhali Singida United ilizitumia kwa watu waliokuwa bado wanatafuta jina.

4.2 Matunda

Matunda yalionekana haraka. Katika Kombe la Shirikisho la Azam, Singida United iliitoa Yanga kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali iliyochezwa Namfua, ikafika fainali dhidi ya Mtibwa Sugar katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Juni 2018, na ikafungwa mabao 3 kwa 2. Bao moja liliitenganisha klabu hiyo na tiketi ya mashindano ya Afrika katika msimu wake wa kwanza baada ya kurudi.

Hapa methali ya mbachao ilithibitika. Wachezaji ambao thamani yao Dar es Salaam ilikuwa imeshushwa na ushindani wa nafasi waliipata tena walipopewa dakika. Jambo la kuzingatia ni kwamba Singida haikuwafundisha kucheza. Iliwapa nafasi, na nafasi ndiyo bidhaa pekee ambayo klabu ndogo inayo kwa wingi kuliko klabu kubwa. Kwa mchezaji wa miaka 21 aliye katika benchi la Azam, michezo 25 ya Ligi Kuu ni mtaji ambao mshahara mkubwa hauwezi kuununua. Mudathir ndiye uthibitisho wake. Alirejea Azam akiwa kiungo aliyekomaa zaidi, akacheza Fainali za Mataifa ya Afrika za 2019 akiwa na Taifa Stars, na baadaye akawa nguzo ya Yanga.

4.3 Kuporomoka

Hata hivyo, orodha ya waliovuna inapopangwa, jina la Singida United halimo. Dirisha kubwa la usajili la 2018 lilionyesha udhaifu wote wa mbinu hiyo kwa mara moja. Van der Pluijm alikwenda Azam. Kutinyu naye alikwenda Azam. Mkopo wa Mudathir uliisha, akarudi Azam. Kaseke alirudishwa Yanga, klabu ileile iliyomwacha mwaka mmoja kabla. Usengimana naye aliondoka nchini. Kiungo kijana wa Zanzibar, Feisal Salum kutoka JKU, alitambulishwa kuwa mchezaji wa Singida United, na muda mfupi baadaye akatambulishwa Yanga, bila kuichezea Singida mchezo wowote wa ligi. Katika majira mamoja uti wa mgongo wa timu ulihama.

Ni muhimu kutofautisha sababu. Mudathir hakuwa mali ya klabu na kuondoka kwake kulijulikana tangu siku ya kwanza. Kaseke alikuwa mfano wa mchezaji ambaye thamani yake ilirudishwa na Singida kisha ikachukuliwa na waliomshusha. Kisa cha Feisal kilionyesha kwamba klabu ilikuwa na jicho la kuona kipaji kabla ya wengine, lakini haikuwa na uzito wa kukishikilia. Sababu ni tofauti, na matokeo ni yaleyale: kikosi kilipaswa kujengwa upya kuanzia chini, safari hii bila kocha aliyekuwa sumaku yake.

Ukata uliofuata uliripotiwa sana katika vyombo vya habari vya michezo. Klabu iliyojengwa kwa wachezaji wa mikataba mifupi haina akiba ya kuuza inapobanwa. Mkulima mwenye ng'ombe huuza mmoja wakati wa ukame, lakini aliyekodi ng'ombe wa kulimia hana cha kupeleka mnadani. Msimu wa 2019/20 Singida United ilimaliza ya mwisho kati ya timu 20 na kushuka daraja. Miaka miwili tu ilitenganisha fainali ya Arusha na mkia wa ligi.

5.0 Kipindi cha pili: klabu zinazohama, 2022–2025

5.1 Jina la mkoa, mzizi wa kwingine

Msimu wa 2021/22 timu mbili zilipanda kutoka Ligi ya Championship: Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, na DTB ya Dar es Salaam. Kwa mwendo ambao hakuna aliyeutabiri, zote mbili ziliishia Singida. DTB ilihamia 2022 kwa jina la Singida Big Stars, ambalo mwaka uliofuata lilibadilika kuwa Singida Fountain Gate. Katika msimu wa 2023/24 Ihefu, ambayo Novemba 2022 ilikuwa imevunja rekodi ya Yanga ya kucheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, ilihamishia makao Liti, na kwa msimu wa 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars. Ile ya kwanza iliondoka mkoani, ikaacha neno Singida katika jina lake na kuwa Fountain Gate, yenye makao Babati, mkoani Manyara.

Mabadiliko hayo yanazua swali ambalo halikuwapo 2017. Ikiwa mchezaji wa kuazima huleta mashaka, nini cha kusema kuhusu klabu ya kuazima? Singida United, yenye mizizi mjini humo, ilikuwa imeachwa madaraja ya chini, na mashabiki waliombwa kuhamishia mapenzi yao kwa timu iliyowasili na jezi, kocha na wachezaji wake.

5.2 Mbinu ileile, mfuko mkubwa zaidi

Singida Big Stars ilianza kwa kurudia ilichofanya Singida United, hadi kwa kocha: Van der Pluijm alirejea. Kaseke naye alirejea, na Batambuze vilevile. Kutoka Simba alikuja Meddie Kagere, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2018/19 kwa mabao 23 na wa 2019/20 kwa mabao 22, ambaye alikuwa amepoteza nafasi ya kwanza. Na beki Pascal Wawa, aliyekuwa amevuka umri wa miaka 35. Kipa Metacha Mnata, aliyekuwa ameachwa na Yanga 2021, aliimarika kiasi cha Yanga kumchukua kwa mkopo Januari 2023. Wageni kutoka Brazil, akiwemo Bruno Gomes, waliongeza kile ambacho soko la Afrika Mashariki halikuwa nacho.

Timu ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2023, ikafungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1, na ikamaliza ligi katika nafasi ya nne. Nafasi ya tano ya 2018 haikuwa imeipa Singida United chochote, ilhali nafasi ya nne ya 2023 ilikuwa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa kuwa Tanzania ilikuwa imepata nafasi nne katika mashindano ya CAF. Mafanikio ya Simba na Yanga barani ndiyo yaliyofungua mlango huo. Pembezoni ilinufaika na kitovu.

Msimu uliofuata klabu ilisajili kwa wingi zaidi kutoka kundi lilelile, wakiwemo kipa Beno Kakolanya na beki Mkenya Joash Onyango, wote kutoka Simba, lakini haikurudi katika nafasi nne za juu. Kilichobadilika ni utulivu: jina, uongozi, makao na kikosi vilibadilika kwa kasi iliyozidi uwezo wa wachezaji kuzoeana. Bei za wachezaji hazikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kwamba mkongwe aliyeachwa huleta uzoefu wake mara moja, ilhali maelewano uwanjani hayasajiliwi na huhitaji muda.

5.3 Kutoka kupokea hadi kuuza

Singida Black Stars ilionyesha hatua ya tatu. Januari 2025, katika dirisha dogo, ilimleta mshambuliaji wa Ghana Jonathan Sowah, ambaye alikuwa amehama kutoka Medeama kwenda Libya na kutoka katika macho ya wengi. Ndani ya nusu ya pili ya msimu alifunga mabao 13 ya ligi. Majira yaliyofuata alihamia Simba. Kabla yake, kiungo Mkenya Duke Abuya alikuwa amepita katika mkondo wa Singida na Ihefu hadi Yanga 2024. Hapa kundi la tatu, la wageni wasiotazamwa, lilidhihirisha faida ambayo wakongwe hawana: umri wao unaruhusu thamani kupanda.

Msimu wa 2024/25 klabu ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB iliyochezwa Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, Juni 2025, ambapo ilifungwa na Yanga mabao 2 kwa 0. Kocha wa Yanga siku hiyo alikuwa Miloudi Hamdi, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametolewa Singida. Abuya naye alikuwa mchezaji wa Yanga. Kama mtu angetaka picha moja inayoeleza mahusiano ya klabu ya mkoa na kitovu cha soka la nchi, fainali hiyo ingetosha.

Kanuni za wageni ziliibua suala jingine. Nafasi za wageni, ambazo kwa wakati huu zilikuwa 12, zilikuwa zenyewe ni rasilimali adimu. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa klabu hiyo, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Mjadala wa umma uliofuata uligusa sheria na uzalendo. Kwa historia ya ujenzi wa vikosi, umuhimu wake ni kwamba uraia uligeuka kuwa sehemu ya hesabu ya gharama: mchezaji asiyehesabiwa kuwa mgeni humwachia nafasi mgeni mwingine.

Mwaka 2025 ulimalizika kwa mavuno makubwa kuliko yote. Miguel Gamondi, kocha mwingine aliyeachwa na Yanga, alipewa timu. Viungo Clatous Chama na Khalid Aucho, waliomaliza muda wao Yanga, walisajiliwa. Septemba 2025 Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2 kwa 1, yote mawili yakifungwa na Chama, na baadaye ikafuzu hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kombe la Afrika Mashariki na Kati lilibebwa kwa jina la Singida kwa miguu ya mtu ambaye Simba na Yanga, kila moja kwa wakati wake, zilikuwa zimemaliza naye kazi.

6.0 Mjadala: thamani ilikwenda kwa nani?

Ushahidi huu unaruhusu mahitimisho matatu ya kati.

Kwanza, makundi matatu ya wachezaji wa pembezoni hayatoi thamani ya aina moja. Mkongwe hutoa matokeo ya papo hapo na hupungua thamani kila mwezi. Kagere na Chama walikuwa wa matumizi ya sasa. Kijana wa mkopo hutoa matokeo na hukua, lakini ukuaji wake ni mali ya aliyemkopesha, kama Mudathir alivyoonyesha. Mgeni mwenye umri mdogo na mkataba mrefu ndiye pekee anayeweza kuiachia klabu kitu anapoondoka. Kikosi cha Singida United cha 2017/18 kilielemea makundi mawili ya kwanza, na hata waliokuwa wa kundi la tatu hawakukaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya mafanikio yake kuwa mafupi.

Pili, unafuu wa usajili huhamisha gharama na hauifuti. Klabu isiyolipa ada ya uhamisho hulipa dau la usajili, mshahara unaomshawishi mtu kuondoka Dar es Salaam, na gharama ya kusajili tena mwaka unaofuata. Kikosi kinachobadilishwa kila dirisha kinaweza, kwa jumla ya miaka mitano, kugharimu zaidi ya kile kilichonunuliwa kwa bei ya juu na kudumu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mbinu ilifanikiwa zaidi kadiri mahusiano ya klabu na mkoa yalivyolegea. Singida United ilikuwa ya mji na ilikosa mfuko. Zilizofuata zilikuwa na mfuko, lakini mizizi yao ilikuwa kwingine, na moja ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kuondoka na jina likabadilishwa. Inapasa kuulizwa, basi, nini kitabaki Singida siku ambayo mfuko utahamia mkoa mwingine. Mchezaji wa pembezoni anapoondoka huacha pengo katika kikosi. Klabu inapoondoka huacha uwanja mtupu na watoto waliokuwa wameanza kuvaa jezi yake.

Inaweza kupingwa kwamba shabiki hajali mizizi ilimradi timu ishinde. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa miaka ya bila Ligi Kuu mkoani Singida ilikuwa mingi na haikuacha chochote cha kujivunia, na klabu iliyowasili imeleta ajira, biashara za siku za mchezo, na kombe. Lakini pingamizi lenyewe linakiri hoja ya insha hii: faida hizo ni za msimu, na hakuna hata moja iliyowekewa mazingira ya kudumu. Vijana wa mkoa bado ni wachache katika orodha za vikosi vilivyobeba jina la mkoa. Mchezaji wa gharama nafuu kuliko wote, yule aliyezaliwa Iramba, Manyoni au Ikungi na ambaye hahitaji dau wala nyumba ya kupangishiwa, ndiye ambaye mbinu hii imemsahau.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba kati ya 2017 na 2025 wachezaji wa pembezoni walikuwa njia halisi, na pengine ya pekee, ya klabu zenye jina la Singida kushindana na zile za Dar es Salaam. Walileta nafasi ya tano, nafasi mbili za nne, fainali tatu zilizopotea na kombe moja lililopatikana. Mbachao haukustahili kutupwa.

Imeonyeshwa vilevile kwamba thamani waliyoizalisha ilivuja: kwa klabu zilizowakopesha, kwa klabu zilizowarudia, na kwa mzunguko wa usajili usiokwisha. Kuvuja huko kulitokana na mikataba mifupi, kukosekana kwa mwendelezo wa benchi la ufundi, na udhaifu wa umiliki. Hakukuwa hulka ya wachezaji wenyewe, ambao katika hali nyingi walifanya walichoitiwa. Mtafiti wa soka la mikoani atakayepima mafanikio kwa msimamo wa ligi peke yake atauona mwaka 2018 kuwa ushindi na 2020 kuwa bahati mbaya. Akipima kwa kilichobaki baada ya kila dirisha la usajili, ataona kwamba 2020 ilikwisha kuandikwa katika mikataba ya 2017.

Mwishoni mwa 2025 klabu ya Singida ilikuwa na kombe kabatini na nafasi katika mashindano ya Afrika. Swali ambalo Singida United haikulijibu bado lipo mezani pake: katika wote inaowapokea kutoka benchi za wengine, ni nani atakayebaki, na ni nani wa nyumbani atakayekuwa amejifunza kwake kabla hajaondoka?